Mtu wa Kushika Mkia wa Ndege

Apolinary Rugambwa ana kibanda cha kutengeneza redio na simu pale Rwamishenye, mkono wa kulia ukitoka Bukoba mjini, kati ya duka la mbolea na mama anayekaanga maandazi. Ana miaka hamsini na mmoja. Mteja akileta redio, Apolinary huisikiliza kwanza bila kuigusa, kisha huandika jina na ugonjwa wa redio kwenye kipande cha karatasi na kukifunga kwenye mpini wa redio kwa uzi. Hajawahi kumpotezea mtu kitu.

Anayeingia kwa mara ya kwanza huangalia juu, kwa sababu darini inaning'inia ndege. Siyo ya kuchezea watoto. Kutoka ncha moja ya bawa hadi nyingine ni sentimita mia moja na ishirini, na mabawa yenyewe ni mawili kila upande, moja juu ya jingine, yameshikanishwa kwa vijiti, kama ndege za zamani kwenye vitabu vya historia. Inaongozwa kutoka chini kwa rimoti. Watu wa Rwamishenye waliiona mara moja tu ikibebwa juu ya pikipiki, wakaipa jina: Ghorofa.

Ghorofa ilirushwa kwa mara ya kwanza mwaka 2016. Ilikuwa ya umeme. Mota Apolinary aliinunua kwa Haidari, mfanyabiashara wa vifaa vya umeme mjini, na betri aliziunga mwenyewe kutoka kwenye kompyuta zilizokufa. Mbao zote alichonga shemeji yake, Mutembei, kaka mkubwa wa mkewe Oliva. Sisi Wahaya shemeji tunamwita muramu, na muramu ni mtu wa kutaniwa. Wawili hawa waliitana hivyo kutwa nzima, wala sikumbuki kumsikia mmoja akimwita mwenzake kwa jina.

Mutembei anaishi Kamachumu, wilayani Muleba, kwenye kibanja cha migomba cha baba yake. Kwa miaka ishirini na miwili aliendesha mashine ya dizeli ya kukoboa kahawa. Mashine ilipouzwa akawa seremala. Kwa ajili ya ndege alitafuta ule mti mwepesi wa vinamasini ambao wavuvi wa visiwani hutengenezea maboya ya nyavu. Aliuchana vipande vyembamba kama ukucha, akavikwangua kwa kioo, na hakuwahi kutumia kipimo kingine zaidi ya kidole gumba.

Walirushia kwenye rweya, ule uwanda wa majani mafupi usiolimwa ulio kati ya kijiji na kijiji, mbali kabisa na uwanja wa ndege wa Bukoba, kwa kibali cha ofisi ya kijiji. Apolinary alishika rimoti. Mutembei alisimama na kofia yake ya ukindu, akitazama juu na kutoa maneno.

"Muramu, unaipeleka kama mlevi anatoka msibani."

"Ni upepo."

"Upepo umeukuta leo? Inua pua."

Ndivyo walivyoishi kwa miaka minne. Kisha Mutembei akaanza kukata mbao vibaya.

Alidhani ni uzee, akanunua miwani sokoni. Walipompeleka hospitali, daktari wa macho alisema ni presha ya macho, na kwamba imefanya kazi yake kimyakimya kwa muda mrefu. Kilichopotea hakingerudi. Kufikia mwisho wa mwaka 2021 Mutembei aliweza kutofautisha mchana na usiku, basi.

Jumatatu ya Pasaka iliyofuata Apolinary alimpeleka rweya kama zamani. Alimwekea kiti. Watu wa kijijini walikuja wengi kwa kuwa ni sikukuu. Ghorofa ikaondoka. Sauti ya mota ya umeme ni nyembamba. Ukiwa karibu unaisikia kama nzi kwenye chupa, ikifika mita hamsini upepo unaimeza. Mutembei aligeuza uso kulia. Ndege ilikuwa kushoto. Aliendelea kutazama kulia, akitabasamu, huku ndege ikizunguka nyuma yake, ikashuka, ikatua, ikasimama. Watu wakapiga makofi. Hapo ndipo na yeye akapiga makofi, na kusema kwa sauti, "Eee, hapo sasa umeinua vizuri!"

Wanawake wawili walicheka. Hawakuwa na ubaya. Lakini Mutembei alisikia, akaelewa.

Njiani kurudi alisema jambo moja tu. "Muramu, senene mmoja ana sauti kuliko ndege yako. Mimi ulinirushia upepo."

Wiki ile aliita vijana wa karakana ya parokia, akawapa randa zake, patasi, misumeno, na hata ile meza ya kazi. Mkewe, Yuster, alimpigia Oliva simu. "Wifi, kaka yako amegawa vitu vyake kama vya marehemu. Sasa anakaa kitandani. Nje anatoka kwenda kanisani tu, na Jumapili iliyopita hata huko hakwenda."

Apolinary aliyasikia hayo kwa Oliva jioni. Aliishusha Ghorofa darini, akaiweka mezani, akaitazama. Kisha akaenda mjini kwa Haidari.

"Nataka injini," alimwambia. "Ya mafuta. Zile ndogo za ndege za mfano."

Haidari aliweka chini kikombe cha kahawa. Ni mtu wa utani, lakini kwenye biashara huuliza mara mbili. "Fundi, wewe si ndiye uliyeniambia umeme ni usafi? Hakuna moshi, hakuna kelele, unabonyeza inaruka?"

"Nilisema."

"Sasa unataka pikipiki ya angani."

"Nataka kelele," Apolinary akasema.

Haidari alimtazama kidogo, na hakuuliza mara ya pili. Ana mpwa wake Maskati, na huko kuna watu wa kila mchezo. Ilichukua miezi mitano. Injini ilikuja imefungwa ndani ya soksi, imetumika, yenye ukubwa wa ngumi. Ina silinda moja na kabureta ndogo kama kifuniko cha kalamu, na ubavuni skrubu nyembamba wanayoiita sindano: ukiifungua injini inapata mafuta mengi, ukiifunga inapata kidogo. Plagi yake haitoi cheche. Ina waya mwembamba uliojikunja; unauunganisha na betri ndogo mpaka uwe mwekundu, injini ikishawaka unaondoa betri, na joto la injini lenyewe linaufanya uendelee kuwa mwekundu.

Ndani ya soksi kulikuwa na karatasi ya maelezo ya Kiingereza, nusu imelowa mafuta. Sehemu inayosomeka ilisema mafuta yake ni alkoholi iliyochanganywa na mafuta ya nyonyo. Ni aina gani ya alkoholi, hapo ndipo doa lilipokuwa.

Na hapa Apolinary, mtu makini, alifanya kosa ambalo nadhani lingeweza kufanyika Bukoba tu. Alkoholi anaijua. Amekulia kwenye migomba. Ndizi zinakamuliwa, zinachachuka zinakuwa rubisi, rubisi inapikwa, inakuwa enkonyagi, gongo ya kwetu. Alikwenda Rubafu kwa bibi mmoja anayesifika, akanunua chupa ya ile ya mwanzo kabisa, ambayo ukiimwaga juu ya jiwe na kuwasha kiberiti inashika moto wa buluu. Aliijaribu pale pale juu ya jiwe. Ikashika. Akaridhika.

Aliifunga injini kwenye ubao nyuma ya nyumba yake, akachanganya, akaanza kuzungusha propela kwa kijiti alichokivika mpira wa tairi ili kisimkate vidole. Injini ikakohoa. Akazungusha tena. Ikakohoa mara mbili, ikatema majimaji. Kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita alizungusha. Oliva alitoka jikoni akiwa na mwiko, akasimama, akanusa.

"Baba Rozi."

"Naam."

"Unanuka enkonyagi mpaka kwenye nywele."

"Siyo mimi ninayekunywa. Ni injini."

"Haya. Iambie injini chakula kiko tayari, na ikishindwa kutembea mtoto ataishika mkono."

Jioni Oliva alimhadithia Haidari, Haidari akawahadithia waumini wenzake nje ya msikiti, na kwa wiki mbili Apolinary hakupita mjini bila kuulizwa kama injini imeshaacha pombe. Alivumilia. Mwalimu mmoja wa kemia ndiye aliyemweleza: enkonyagi hata iwe kali vipi ina maji ndani yake, na maji yanazima ule waya wa plagi. Injini hizi zinataka methanoli, spiriti ya maabara. Mwalimu akamshika bega. "Na hiyo ni sumu kabisa. Kijiko kinapofusha, vijiko vichache vinaua. Isikae chupa ya soda hata dakika moja."

Neno kupofusha lilimwingia Apolinary. Methanoli ilipofika kutoka Mwanza, kwa muuzaji wa kemikali, aliifungia kwenye sanduku la chuma, ufunguo akauvaa shingoni. Hata Oliva hakuruhusiwa kuushika. Mafuta ya nyonyo alinunua duka la dawa, ya kunywa wagonjwa, kwa sababu ya kienyeji yalikuwa na mabaki ya kupikia. Sehemu nne za methanoli, sehemu moja ya nyonyo.

Injini iliwaka mzunguko wa tatu. Kuku wa jirani waliruka ua.

Kubadilisha Ghorofa kutoka umeme kwenda mafuta hakukuwa kubadilisha mota tu. Betri nzito zilitolewa, tangi likaingia, kwa hiyo uzito ukahama na mizani ikaharibika. Ikabidi ahamishe vitu ndani mpaka ndege ilale sawa juu ya vidole viwili. Methanoli iliyeyusha vanishi ya zamani kama sukari, na mafuta yatokayo kwenye ekzosi yangelowesha mbao. Alikwangua pua yote, akaipaka ile gundi ya vichupa viwili vinavyochanganywa. Mtikisiko ulilegeza skrubu. Kila moja akaitia tone la gundi. Ilimchukua hadi Juni 2023. Mbao za Mutembei hakubadilisha hata moja.

Kilichobaki ni Mutembei mwenyewe.

Jumamosi ya pili ya Julai tulifika Kamachumu saa nne asubuhi, Apolinary, Oliva, na mimi niliyebeba sanduku. Yuster alituletea kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama inavyostahili mgeni. Mutembei alitoka chumbani akipapasa ukuta. Alikuwa amekonda. Akakaa, akachukua buni mbili, akazitafuna polepole.

"Nimesikia umehamia kwenye pombe, muramu," akasema.

"Imefika hadi Kamachumu?"

"Imefika na gari la saa moja."

"Twende rweya," Apolinary akasema. "Nimeweka injini ya mafuta."

"Nendeni. Upepo wa Julai ni mzuri." Mutembei akachukua buni nyingine. "Mimi nikafanye nini? Nimeshapiga makofi yangu ya Pasaka."

Yuster akaangalia sakafu.

Apolinary alijifuta mikono kwenye suruali. "Sikuiti utazame," akasema. "Ya umeme ilikaa kimya mpaka nibonyeze. Hii ikishawaka inavuta, hata ikiwa polepole. Ikiachiwa inaondoka yenyewe, inaweza kumkata mtu. Inataka mtu wa kushika mkia. Oliva anaogopa. Huyu jirani yangu kazi yake kuandika, mikono yake laini. Sina mtu."

Sikukasirika. Ilikuwa kweli.

"Tangu darasa la pili sijashika mkia," Mutembei akasema. Lakini alikuwa ameacha kutafuna. "Inavuta kiasi gani?"

"Kama mbuzi anayekataa kamba."

Mutembei akakisukuma kikapu cha kahawa pembeni. Halafu akasema, "Yuster, kofia yangu iko wapi?"

Rweya ilikuwa ya majani makavu. Apolinary alimpigisha magoti Mutembei nyuma ya ndege, akamwekea mikono miwili mbele ya mkia. Mutembei alipapasa kwanza, bila haraka, kutoka mkia kwenda kwenye bawa la chini, kisha la juu.

"Hiki nilikichonga mvua ikinyesha," akasema peke yake.

Apolinary akaunganisha plagi, akazungusha kwa kijiti. Injini ikashika. Ilikuwa sauti ambayo rweya ile haijawahi kuisikia, kali, ya kukereza, na harufu ya nyonyo iliyoungua ikatupita. Mutembei alirudi nyuma kidogo, kisha akakaza mikono. Uso wake ulibadilika. Sitaandika kwamba alitabasamu, maana hakutabasamu. Alikunja uso kama mtu anayesomewa barua.

Apolinary alifunga sindano kidogo kidogo, injini ikapanda, ikapanda tena, mpaka ikawa inapiga yowe la juu kabisa. Kwenye umeme ndivyo alivyozoea: kasi kubwa kuliko zote ndiyo nzuri kuliko zote.

"Achia!"

Mutembei akaachia. Ghorofa ikakimbia, ikaacha majani, ikainua pua. Ilipofika urefu wa mnazi, yowe likakatika. Kimya. Apolinary aliishusha ikiteleza kwa upepo tu, ikagonga kichuguu na kulala ubavu. Mguu mmoja wa gurudumu ulivunjika.

Hakuna aliyecheka. Oliva alishika kichwa. Apolinary aliirudisha ndege mikononi, akaiweka chini, akasema kwa sauti ile yake ndogo, "Basi. Tufunge."

"Ilikuwa inalia njaa," Mutembei akasema.

"Nini?"

"Injini. Kabla hujasema achia. Ilikuwa inalia njaa, mafuta hayaitoshi. Chini inavumilia. Ukiinua pua, mafuta yanapanda mlima, hayafiki. Mashine ya kukoboa ilikuwa hivyo hivyo."

Apolinary alisimama wima. "Muramu! Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza. Uliniambia nishike mkia."

Oliva ndiye aliyeanza kucheka, kisha Yuster, ambaye alikuwa ametufuata taratibu bila kuitwa, kisha sote. Mutembei alingoja tumalize. Halafu akanyoosha mkono.

"Nionyeshe inapolishwa."

Mguu uliovunjika waliufunga kwa kijiti na uzi wa nailoni. Injini ikawashwa tena. Safari hii mimi nilishika mkia, na ni kweli inavuta kama mbuzi. Apolinary alishika kifundo cha mkono wa Mutembei kwa nguvu, akauleta kutoka nyuma, mbali na propela, kiganja kwa kiganja, mpaka vidole vikafika kwenye sindano.

"Propela iko mbele ya kidole chako, upana wa kiganja. Usisogee mbele."

"Naisikia ilipo. Niache."

Hakuachwa. Lakini aliyezungusha alikuwa yeye. Alifunga, yowe likapanda. Akasikiliza. Akafungua robo, sauti ikashuka, ikawa nzito, yenye mafuta. "Inua pua," akasema. Nikainua pua ya ndege juu. Sauti ikalegea. Akafungua kidogo mno, nadhani hata upana wa uzi haukufika. "Inua tena." Nikainua. Sauti haikulegea, ilipanda kidogo na kukaa hapo, imeshiba.

"Hapo," Mutembei akasema. "Usiiguse tena. Mwenye umeme asiiguse."

"Nimesikia, muramu."

Ghorofa iliondoka na haikukatika. Ilipanda mpaka ikawa ndogo, na sauti bado ilikuwa yote na sisi. Mutembei alisimama katikati ya rweya, mkono mmoja kwenye kofia. Ndege ilipogeuka kushoto, uso wake uligeuka kushoto. Ilipopita nyuma yetu, alizunguka nyuma. Alianza kunyoosha kidole, na kila nilipotazama kidole kilikuwa pale pale ilipo ndege, au hatua moja nyuma yake.

"Unaizungusha mduara mbaya," akapaza sauti. "Umekuwa kama yai. Kaza upande wa ziwa!"

"Ni upepo!"

"Upepo umeukuta leo?"

Dakika ya nane hivi alishusha kidole. "Iteremshe. Sauti inapauka, tangi linaisha."

Apolinary alisita, kwa kuwa alikuwa amepiga hesabu ya dakika kumi. Nilimwona akisita. Kisha akaishusha. Magurudumu yalipogusa majani, ule mguu wa kufungwa kwa uzi ukapepesuka, ndege ikatembea, ikasimama mita kumi kutoka tulipo, na hapo hapo injini ikakohoa na kuzima yenyewe.

Mutembei alikwenda kwa kufuata harufu, peke yake, Yuster akitaka kumshika mkono na yeye akiukwepa. Akapiga magoti. Akapapasa mpaka kwenye mguu uliovunjika, akafungua uzi, akautoa mguu, akautia mfukoni mwa koti. Vidole vyake vilikuwa vimejaa mafuta ya nyonyo. Alivifuta kwenye majani.

"Alhamisi kuna gari linakwenda Bukoba," akasema. "Mguu mpya utafika nalo."

"Utachonga na nini?" Oliva akamwuliza. "Si uligawa vyote?"

"Kisu cha kumenyea ndizi hakijagawiwa." Akainuka. "Na Yuster, kesho baada ya misa nipitishe karakana ya parokia. Nikaazime kwao randa yangu ndogo. Wale vijana wananoa vibaya, nimesikia."

Alhamisi mzigo ulifika Rwamishenye, umefungwa kwa majani makavu ya mgomba. Ndani kulikuwa na miguu miwili badala ya mmoja, inalingana kabisa, imekwanguliwa kwa kioo. Apolinary aliilinganisha kwa kipimo chake cha chuma, akaandika kwenye karatasi, akaifunga kwa uzi kwenye bawa la Ghorofa: *Mutembei. Miguu. Imepona.*